Kopo la Mate

Jumapili, 9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Kipara wa lori amenishushia salamu zako pamoja na mawe yake, akaniambia bado uko kwenye plasta na umekuwa mkali kama pilipili, hata mpishi wa machimboni anapita mbali na kitanda chako. Nilicheka, nikajua unapona. Mimi nipo, siku zinasukumwa. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa huko kwenu simu haishiki, na pia kwa kuwa shemeji yako huipekua yangu kila jioni kabla hata ya kuvua viatu.

Jana pikapu ya baba ilipagawa.

Unajua ringi za pistoni zake zimechoka, injini inapumulia chini. Ule mpira wa pumzi unaotoka juu kwenye kava unatema oili, na oili hiyo ilikuwa inarudi moja kwa moja kwenye bomba la kuvutia hewa. Ndiyo maana nilifunga kopo la maziwa ya unga katikati. Mpira uteme mle, hewa peke yake iendelee hadi puani. Wateja hucheka wakitusikia tunaita bomba la hewa pua na oili ile mate, lakini baba alitufundisha hivyo na mimi sijui kuviita vingine.

Shemeji yako alilifungua kopo akalitupa jalalani. Alikuwa na mnunuzi, hakutaka aone gari linalofungwa makopo kama toroli la muuza kahawa. Akaunganisha mpira puani kama zamani. Nilimwambia mate yatajaa kwenye kona ya bomba. Akaniambia kazi ya mke ni kuosha bakuli.

Basi mnunuzi akaomba asikie nguvu. Shemeji yako akakanyaga. Injini ikavuta yale mate yote kwa mkupuo, ikaanza kupanda yenyewe. Akatoa mguu, ikapanda. Akazima, akachomoa ufunguo, akashuka nao mkononi, na injini inaendelea kulia kama inachinjwa, moshi mweupe umefunika ua mzima. Dizeli haijali ufunguo ikishapata oili ya kula. Mnunuzi alikimbia. Shemeji yako alikimbia zaidi, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Mimi nikachukua kipande cha ubao nikakikandamiza puani. Kilivutwa hadi kikanibana vidole, nikang'ang'ana, ikakosa hewa, ikafa.

Mafundi wetu wawili walicheka. Hawakunicheka mimi.

Jioni tulipofunga mlango alinipiga. Alianza na mkanda, akamalizia na ngumi. Sikio la kushoto linapiga filimbi tangu jana. Sikufichi, wewe ndiye pekee niliyebaki naye. Niambie nifanye nini na kopo, na niambie nifanye nini naye.

Mdogo wako

*

Jumapili, 16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu uache, mguu ni mfupa tu. Sikio je? Likitoa maji nenda hospitali, usinisubiri mimi.

Nimeisoma barua yako mara moja, ya pili sikuweza. Nilimrushia mpishi gongo langu bila kosa lolote, na sasa nimelazimika kumwomba radhi. Ningekuwa na miguu miwili ningekuwa hapo leo, na huyo mwanamume angekuwa anatafuta meno yake kwenye mchanga.

Kopo kwanza. La maziwa ni jepesi, joto litalipasua. Tafuta mtungi mdogo wa chuma. Mpira wa kuingia uuweke ubavuni, wa kutoka uwe juu kabisa, na ndani jaza waya wa kusugulia masufuria ili mvuke wa oili ugonge humo na kudondoka. Chini weka koki. Kila Jumamosi mwaga, hata kama yamejaa kijiko tu. Na usijaribu kuuziba ule mpira kabisa. Injini isipopumua itapasua sili zake zote.

Kuhusu mumeo nina neno moja tu. Mwache.

Usinijibu, usinielezee. Fanya.

Kaka yako

*

Jumapili, 25 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekaa kimya mno, nisamehe. Kipara ameniambia mguu uliunga vibaya, madaktari wakauvunja upya. Pole sana. Aliposimulia nilihisi maumivu mwilini mwangu mwenyewe, na mwili wangu kwa sasa hauna nafasi ya maumivu ya mwingine.

Nimefanya yote mawili uliyoniagiza.

Mtungi nimeutengeneza kama ulivyosema. Ni mzuri, nauonea fahari. Kila Jumamosi nafungua koki, yanatoka meusi yenye povu, nayamwaga kwenye dumu la oili chafu. Bomba la hewa ni kavu, ukipitisha kidole kinatoka safi.

Na yeye nimemwacha.

Akirudi na maneno, nimemwacha. Alipoibamiza sahani ukutani niliokota, nikadeki, nikamwacha. Mwezi wa tatu alinivunja jino la mbele kwa spana namba kumi na saba, ile ya baba yenye alama ya msumeno. Sikulia, sikumjibu. Nilikaa kwenye ndoo hadi alipomaliza. Mwezi wa nne alinipiga teke nikiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje, sikuona hata lilikotokea. Mbavu mbili. Nilimwacha. Mafundi waliacha kazi mmoja baada ya mwingine, hawakuweza kutazama. Sasa tuko wawili tu kwenye ua.

Nilikumbuka mama alivyokuwa akituambia baba akifura. Mwacheni, atapoa. Tukatoka nje tukacheza, tukirudi amepoa kweli. Nikajua neno lako umelitoa kwake, na kwamba wewe mkubwa unaona mbali kuliko mimi. Nimetii, kaka. Lakini huyu hapoi. Ukimya wangu unamchochea kuliko maneno yangu ya zamani.

Nimwache mpaka lini?

Mdogo wako

*

Jumapili, 1 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Mwache maana yake ondoka. Mwache maana yake chukua nguo zako, funga mlango, achana naye, usimwone tena. Nani amwache mtu namna ile ya mama? Baba alikuwa akifura na kupiga meza. Huyu anakupiga wewe. Neno moja nimekuandikia kwa kuwa hasira ilinikaba mkono, nikaona nikiandika mawili nitachana karatasi, na kwa neno hilo umekaa kwenye ndoo ukavunjwa jino. Nimeligonga jiwe la hapa nje kwa ngumi hadi mganga wa kambi akaja kunifunga bandeji. Haikusaidia kitu.

Siwezi kutembea mpaka mwezi wa nane. Kwa hiyo sikiliza, na barua hii ukimaliza kuisoma ichome.

Usiumwage mtungi.

Kila Jumatatu anashuka na pikapu ule mteremko kwenda kuchukua vyuma chakavu. Acha mate yajae hadi shingoni. Akishika mteremko, gari likiinama mbele, yatapita kwa mpira wa juu na kuingia puani yote. Injini itakimbia naye, na breki zile unazijua zilivyo. Yeye hawezi kuizima. Aliyewahi kuizima ni wewe, na wewe utakuwa nyumbani unapika. Hakuna polisi anayejua kusoma bomba la hewa. Watasema gari bovu, na litakuwa kweli gari bovu.

Mimi nitabeba dhambi hiyo, iandike kwangu. Wewe usifanye lolote. Hicho ndicho ninachokuomba, kutofanya.

Kaka yako

*

Jumapili, 22 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mkono je, na mguu? Punguza kupigana na mawe, mawe hayana mdomo wa kukuomba msamaha.

Barua yako sijaichoma. Niliikunja nikaitia kwenye soli ya kiatu, nikaitembelea.

Nataka ujue kwamba nilijaribu. Jumamosi ya kwanza nilipita mbele ya mtungi nikaenda kufua. Ya pili pia. Jumapili niligonga ubavu wake kwa kucha, ukaitika kama kitu kilichoshiba, nikafurahi. Kweli nilifurahi, kaka, sitaki kukudanganya. Nilimpikia vizuri siku ile. Alinisifu chakula, nikamwangalia anavyotafuna nikafikiria kesho saa tatu atakuwa hatafuni. Alinipiga kofi moja kabla ya kulala kwa sababu nilikuwa nikitabasamu.

Asubuhi aliingia garini. Nilisimama mlangoni na ufagio. Nikaona mteremko wote kichwani mwangu, kama nilivyoushuka na baba miaka yote, na chini kabisa, kwenye kona, wale kina mama wa nyanya na meza zao. Gari lisilo na breki halichagui wa kumpiga. Nikamwambia subiri, tairi la nyuma halina upepo. Akatukana, akashuka kwenda kutazama, na mimi nikachuchumaa upande wa pili nikafungua koki. Yalitoka mengi sijapata kuona. Yalinilowesha sketi. Alipoona tairi ni zima alinipiga tena, na nikaona kofi hilo nimelinunua mwenyewe.

Halafu nikafikiri juu ya neno lako, lile la kweli. Niondoke niende wapi? Ua huu ni wa baba. Vise ile ya kubania vyuma ni ya baba, shimo lile la kuingilia chini ya magari tulilichimba mimi na wewe kwa koleo la kuazima. Yeye alikuja na sanduku moja na redio. Niondoke mimi, abaki yeye anaunganisha mipira ovyo puani mwa magari ya watu?

Nitamwambia aondoke yeye. Nitamwambia siku Kipara akiwa uani na lori lake, ili awepo mtu. Naogopa. Lakini nitamwambia.

Mdogo wako

*

Jumapili, 13 Julai

Mdogo wangu,

U hai? Niandikie hata mstari mmoja.

Kipara amerudi mikono mitupu na hasemi kitu cha maana. Anasema ulimwambia mumeo, pikapu ikapagawa, kukawa na moshi, na mumeo amelazwa taya limevunjika vipande vitatu. Nikimuuliza ilikuwaje anatazama tairi zake. Anasema polisi walimhoji mumeo hospitalini, na kwa kuwa hawezi kusema, amefungwa waya mdomoni, aliandika kwenye karatasi kwamba injini ilirusha chuma kikampiga. Wameandika ajali na wameondoka.

Nilicheka hadi mguu ukauma. Anyonye uji kwa mrija mpaka mwaka mpya.

Lakini Kipara aliponiona nacheka hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kama kuna jambo, sitaki kulijua. Polisi wana karatasi yao, mwenye taya ameiandika mwenyewe, wewe hujaulizwa. Basi nyamaza. Mungu akikupa njia ya kupita usisimame kuuliza nani amefyeka. Plasta wameitoa, natembelea gongo, mwisho wa mwezi ujao niko hapo. Mpaka wakati huo funga mdomo wako. Nakuomba kama kaka, na nakuamuru kama mkubwa.

Kaka yako

*

Jumatano, 6 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Ukiipata hii, keti kwanza. Kipara ataileta mwenyewe, na nimemruhusu sasa akuambie chochote utakachomuuliza. Nilimfunga mdomo mimi, usimkasirikie.

Shemeji yako nilimwambia asubuhi, siku Kipara alipokuwa uani. Nilisema, ua huu ni wa baba, chukua sanduku lako na redio yako uende. Sikusema zaidi. Alinitazama kama nimemsemesha lugha ya nje. Kisha akaenda kwenye pikapu, akafungua boneti, akasema ataondoka nayo, ni mali yake, na takataka yangu anaiacha. Akachukua nyundo akaupiga mtungi. Vifungo vikakatika, ukapinduka kichwa chini huku mipira bado imeushika, na mate ya wiki nzima yakamiminika puani. Nilimwambia asiwashe. Nilimwambia mara mbili, Kipara ni shahidi. Akawasha.

Ilipanda kwa kasi kuliko ile ya Februari. Sauti ilikuwa ya kupasua kichwa, vioo vya lori la Kipara vilikuwa vinatetemeka. Safari hii hakukimbia. Nadhani kile kicheko cha mafundi kilikuwa bado kinamuuma. Aliinama juu ya injini akaanza kung'oa mipira kwa mikono, akaungua mkono mzima wa kushoto, ngozi ikabaki kwenye chuma, na bado haisimami. Nilijua kitakachofuata. Fimbo moja ya pistoni ingekatika, ingetoka ubavuni mwa injini na kupita tumboni mwake. Alijua pia. Aligeuza uso akanitafuta.

"Fundi," alisema. "Ziba."

Tangu anioe hajawahi kuniita fundi.

Nilichukua mfuniko wa ndoo nikaenda nikaziba. Nisikuambie ni huruma. Ilikuwa injini ya baba na ilikuwa inalia, mikono yangu ilikwenda yenyewe. Ilikufa. Ukaja ule ukimya ambao unasikia maji yakichemka ndani ya rejeta. Na katika ukimya ule Kipara, maskini, kwa woga tu, akacheka.

Shemeji yako akachukua nyundo. Ya kwanza ilinipata begani, mkono wa kushoto ukalegea. Aliinua ya pili akiangalia kichwa changu, kaka, nilimwona akichagua mahali. Chuma cha jeki kilikuwa miguuni pangu. Nilikiokota kwa mkono mzima nikampiga nacho usoni kwa nguvu zote nilizojaliwa. Nilisikia taya linavunjika. Alikaa chini kama mtoto, damu inatoka na meno, akiwa anaonekana kushangaa. Nikainua tena. Kipara akanishika.

Kwa hiyo hakuna chuma kilichorushwa na injini. Ni mimi.

Alipoandika ile karatasi yake nilidhani ananihurumia. Kisha nikaelewa, anaona aibu. Heri apigwe na gari kuliko na mke. Nikanyamaza kama ulivyoniamuru, na nilikuwa nimeshanyamaza hata kabla barua yako haijafika, kwa sababu mimi pia sipendi jela. Miaka yote hii nimewaambia manesi wa hospitali ile ile kwamba boneti imeniangukia, kwamba nimeteleza kwenye oili. Nikaona sawa, na yeye aonje kudanganya.

Lakini Alhamisi iliyopita alikuja muuguzi uani kwetu na kikaratasi. Mwandiko wake. Anatoka Jumatatu. Nitandike kitanda cha chumba cha mbele, nimwandalie uji mwepesi, nimnunulie mrija mpana. Chini ameandika, tutazungumza nikipona.

Nilikisoma nimesimama, nikakisoma tena. Kumbe karatasi ile ya polisi haikuwa inanilinda mimi. Maadamu aliyempiga ni injini, yeye ni mgonjwa aliyepata ajali kazini na hapa ni nyumbani kwake. Anarudi, analala, mimi namnywesha, majirani wanampa pole, taya linaunga. Na siku litakapounga hatatumia mkanda. Kitu kimoja tu ndicho hawezi kukaa nacho mtaani huu, nacho ni watu kujua kwamba alipigwa na mke.

Ijumaa asubuhi nilivaa gauni la kanisani nikaenda kituoni. Kulikuwa na watu wengi kaunta, wa simu zilizopotea na wa ugomvi wa viwanja. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, mimi ndiye niliyemvunja mume wangu taya, kwa chuma cha jeki, baada ya yeye kunipiga nyundo. Askari akaweka kalamu chini. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamwita mwenzake aje asikie, nikarudia tena. Bega nimewaonyesha, jino nimewaonyesha, mbavu ziko kwenye picha za hospitali. Nyuma yangu mtu mmoja alianza kucheka, halafu foleni nzima ikacheka, na kabla ya mchana habari ilikuwa imefika sokoni.

Kipara ameniambia Jumatatu hakuja. Alitoka hospitali amejifunika taulo usoni, akapanda basi la kwanza alilolikuta, hakuuliza hata linakwenda wapi. Sanduku na redio amevifuata binamu yake.

Mimi niko ndani, mahabusu, tangu Ijumaa ile. Kosa limeandikwa kujeruhi, kesi inatajwa Jumatatu ijayo. Askari mmoja anasema hakimu atanielewa, mwingine anasema ningenyamaza ningekuwa nyumbani. Najua wewe utasema kama huyo wa pili. Nisamehe, sikukutii. Kipara ana funguo za ua, na kuna lori la mtu limekaa bila kichwa cha injini, linakusubiri. Kula vizuri, mguu uutembeze polepole.

Hakimu namwogopa, nisikufiche. Lakini hapa tunalala wanawake sita chini kwenye saruji, mlango unafunguliwa na kufungwa ovyo usiku kucha, na jana nimelala hadi wakaja kuniamsha.

Mdogo wako